Usivute Dawa kwa Mdomo: Somo la Pipeti kutoka Maabara hadi Shambani

Naongea nanyi, wakulima wenzangu wa milimani Mbinga, na ninyi wa kule chini ziwani, kuanzia Lituhi mpaka Mbamba Bay na Chiwanda. Msimu ndio huo, mahindi yamefika magotini, na viwavijeshi vamizi nao hawajachelewa. Tangu wadudu hawa waonekane nchini mwaka 2017, bomba la kupulizia limekuwa kama jembe, kila nyumba inalo au inaazima kwa jirani. Dawa ipo ndani, watoto wapo ndani. Ndiyo maana leo naomba tuongee kuhusu jambo ambalo wengi wanaona ni dogo: kupima dawa ya maji.

Nianze na tukio. Majirani wanne katika kijiji kimoja cha milimani walichangishana wakanunua chupa moja ya dawa ya lita moja. Hesabu yao ilikuwa sawa kabisa, maana chupa kubwa ni nafuu kuliko vichupa vidogo vinne. Shida ikaja kwenye kugawana. Hawakuwa na kipimo. Kijana mmoja akachukua mrija wa soda, akauchovya kwenye chupa, akaanza kuvuta kwa mdomo na kuziba kwa kidole, akimimina kwenye chupa za soda za wenzake. Mara ya kwanza salama, ya pili salama. Mara ya tano dawa ikafika kooni.

Mimi nilikuwa naelekea kijiji cha pili kwa pikipiki, nikasimamishwa njiani. Nilimkuta amekaa chini, jasho linamtoka, mate yanamjaa mdomoni. Mama yake alikuwa ameshika kikombe cha maziwa ananiuliza, "Bwana shamba, nimpe?" Nikamwambia, "Hapana mama, hayo yaache. Nipe chupa ya dawa, twende hospitali sasa hivi." Tulimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Nashukuru Mungu alipona. Lakini ile safari sitaisahau, na ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Nami sisemi haya kama mtu msafi. Nilipokuwa nasoma diploma, kwenye mazoezi ya maabara vipira vya kuvutia pipeti vilikuwa vichache kuliko wanafunzi. Mwalimu alikuwa ametukataza kutumia mdomo, ila mimi nikaona foleni inachelewesha. Nikavuta. Asidi ikafika ulimini. Bahati yangu ilikuwa imezimuliwa sana, nikatema nikasukutua, ulimi ukawasha siku mbili. Ingekuwa dawa ya wadudu isiyochanganywa na maji, pengine leo nisingekuwa naandika.

Pipeti ni nini

Pipeti ni mrija wa kioo au plastiki wa kupimia kiasi kidogo cha kimiminika kwa usahihi. Zipo za aina kadhaa. Ipo yenye mistari kama rula, unaweza kutoa mililita 1, 2, 3 na kuendelea. Ipo yenye tumbo katikati na mstari mmoja tu juu, hiyo hutoa kiasi kimoja basi, mfano mililita 25, na ndiyo sahihi zaidi. Ipo ya kubonyeza kwa dole gumba, inayopima hata sehemu ndogo sana ya mililita. Na kipo kitoneshi chenye kipira juu, kile mnachokiona kwenye dawa za macho.

Zamani, kuvuta kwa mdomo lilikuwa jambo la kawaida kwenye maabara duniani kote. Watu walimeza asidi, walimeza vijidudu vya magonjwa. Mwaka 1957, mtafiti wa Kijerumani aitwaye Heinrich Schnitger, akiwa mji wa Marburg, alichoshwa na kazi hiyo akatengeneza pipeti ya kubonyeza kwa dole gumba. Siku hizi maabara yoyote inayojiheshimu imepiga marufuku mdomo kwenye pipeti. Sasa kama wataalamu wenye makoti meupe wameacha, sisi shambani kwa nini tuendelee?

Kwa nini mrija unadanganya

Ukivuta maji kwenye kikombe kwa mrija unaona unatawala. Lakini angalia hesabu. Mrija wenye upana wa ndani wa milimita 6 na urefu wa sentimita 20 unabeba kama mililita 5 na nusu tu, yaani kijiko kidogo cha chai. Nguvu kidogo ya kuvuta inajaza mrija mzima, na inayofuata inaingia mdomoni. Huna nafasi ya kukosea.

Kuna jambo la pili. Kimiminika kikipungua kwenye chupa, ncha ya mrija inatoka nje ya dawa bila wewe kuona. Inavuta hewa, na dawa iliyokuwa ndani inaruka juu ghafla. Hapo ndipo wengi wanapomeza. Na hata usipomeza, mdomo umegusa mrija ulioshikwa na mikono yenye dawa.

Kumbuka pia kwamba dawa iliyo kwenye chupa ya dukani siyo ile unayopulizia. Ile ya kwenye bomba imeshachanganywa na maji mengi. Ya kwenye chupa ni kali mara mia kadhaa. Ndiyo maana nasema saa ya hatari kuliko zote siyo ya kupulizia, ni ya kupima na kuchanganya. Kuna dawa ya magugu iitwayo paraquat ambayo funda moja tu linaweza kuua, na haina dawa ya kuitangua.

Wenzetu wa maabara wanafanyaje

Haya ndiyo tuliyofundishwa, na utaona karibu yote yanahamia shambani.

1. Usichovye pipeti kwenye chupa kubwa ya dawa. Mimina kidogo kwenye chombo kingine, vuta kutoka humo. Iliyobaki hairudishwi kwenye chupa kubwa, maana utachafua yote.

2. Unapoingiza kipira, shika pipeti karibu na juu, siyo katikati. Ukishika mbali na ukasukuma, kioo kinavunjika na kukuchoma kiganja. Nimeona damu maabara kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya asidi.

3. Ncha ibaki ndani ya kimiminika muda wote wa kuvuta. Vuta taratibu hadi juu kidogo ya mstari, kisha shusha polepole.

4. Soma mstari ukiwa sawa na macho. Maji ndani ya mrija mwembamba hayakai sawa, yanabonyea katikati. Soma pale chini kabisa pa mbonyeo. Ukisoma ukiwa umesimama juu yake, utadanganyika.

5. Unapotoa, gusisha ncha kwenye ukuta wa chombo, acha ishuke yenyewe. Tone dogo linalobaki kwenye ncha ya pipeti ya tumbo usilipulize, mtengenezaji alishalihesabu. Zipo chache zilizotengenezwa ili zipulizwe, nazo huwekewa alama ya pete juu.

6. Usiilaze wala kuigeuza kichwa chini ikiwa na dawa. Itaingia kwenye kipira, kipira kitaoza, na mtu wa kesho atachafua kipimo chake.

7. Pipeti ya kubonyeza ina vituo viwili. Cha kwanza ni cha kupimia, cha pili ni cha kumalizia kutoa. Ukivuta kutoka kituo cha pili, umezidisha. Na ncha yake ya plastiki inabadilishwa kila dawa mpya.

Mnaweza kuuliza, bwana shamba, haya ya maabara yananihusu nini mimi wa Maguu au Litembo? Yanakuhusu siku unayopeleka udongo kupimwa. Kuna njia ya kujua udongo wako una mfinyanzi kiasi gani, ambayo inaitwa kabisa njia ya pipeti. Udongo unavurugwa kwenye silinda ya lita moja ya maji yenye dawa ya kuutenganisha. Mchanga unazama kwanza, tope laini linafuata, mfinyanzi unabaki ukielea. Baada ya muda wa kama saa nane, kwa joto la nyuzi 20, mtaalamu anashusha pipeti sentimita 10 chini ya uso wa maji na kuvuta taratibu. Kinachotoka hapo ni mfinyanzi peke yake.

Tuseme amechukua mililita 25 kati ya 1000. Ili kupata jumla, anazidisha mara 40. Akivuta kwa pupa akapandisha tope la chini, ikaongezeka gramu 0.05 tu, kosa hilo linakuwa gramu 2. Kama alianza na gramu 50 za udongo, amekuongezea asilimia 4 ya mfinyanzi ambao shambani kwako haupo. Kosa la sekunde moja, wewe unapewa ushauri usio wako. Kwa hiyo kipimo kidogo siyo kitu kidogo.

Sasa tuje shambani: kizibo siyo kipimo

Nikiuliza kwenye mikutano "unaweka dawa kiasi gani?", jibu ni "vizibo vitatu". Vizibo vya nini? Kila kampuni ina kizibo chake. Kingine kinabeba mililita 5, kingine 7, kingine 10 na zaidi. Na bomba nalo siyo moja, lipo la lita 15, la 16, la 20.

Tuchukue mfano. Lebo inasema mililita 2 kwa lita moja ya maji. Hesabu ni kuzidisha tu:

- Bomba la lita 15: 15 × 2 = mililita 30
- Bomba la lita 16: 16 × 2 = mililita 32
- Bomba la lita 20: 20 × 2 = mililita 40

Wewe una bomba la lita 16. Ukiweka vizibo vitatu vya mililita 7 umeweka 21, yaani theluthi mbili ya kinachotakiwa. Kiwavi analewa, hafi. Anayebaki anazaa wenye ukaidi, na mwakani unasema dawa ni feki. Jirani yako naye ameweka vizibo vitano vya mililita 10, ni 50. Amezidisha zaidi ya nusu. Ameunguza majani, amepoteza hela, na dawa inabaki kwenye mazao kuliko inavyoruhusiwa. Wote wawili wamesema "vizibo".

Lebo ikisema kwa lita 20 na bomba lako ni la 16, gawanya kwanza kwa 20 upate ya lita moja, halafu zidisha kwa 16. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukusaidia hesabu. Hesabu tu lakini, dawa asiguse.

Pipeti ya mkulima

Huhitaji pipeti ya kioo shambani, itavunjika. Pipeti yako ni bomba la sindano la plastiki, la mililita 10 au 20, bila sindano yenyewe. Duka la dawa za mifugo wanalo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na nauli ya kwenda hospitali. Kama dozi yako ni zaidi ya mililita 20, tafuta kikombe chenye mistari ya mililita. Dawa nyingine zinakuja nacho kwenye boksi, usikitupe. Kitumie hivi:

1. Vaa glavu za mpira, kinga ya macho na nguo ya mikono mirefu kabla ya kufungua chupa. Simama nje, upepo ukitokea nyuma yako au ubavuni.

2. Jaza bomba la kupulizia maji hadi nusu kwanza.

3. Mimina dawa kidogo kwenye kikombe chenye mdomo mpana, kilichowekwa chini mahali tambarare. Usishike kikombe kwa mkono mmoja huku unavuta kwa mwingine.

4. Zamisha ncha ya bomba la sindano, vuta taratibu. Ukiona povu la hewa, rudisha dawa kwenye kikombe uvute upya. Hewa inachukua nafasi ya dawa, utapima pungufu.

5. Soma kwenye ukingo wa mpira mweusi ulio upande wa ncha, pale unapogusa ukuta wa bomba. Siyo kwenye kilele cha katikati wala ukingo wa nyuma. Macho yawe sawa na mstari.

6. Kwa mililita 32 kwa bomba la 10, vuta mara tatu kamili halafu mara moja ya mililita 2. Hesabu kwa sauti, watu wanasahau.

7. Suuza bomba la sindano na kikombe mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kupulizia. Hiyo ni dawa yako uliyoilipia. Kisha ongeza maji hadi ujazo kamili, koroga.

8. Vyombo hivyo viandike SUMU kwa wino usiofutika, vitunze na dawa kabatini kwa kufuli. Visirudi jikoni, visitumike kumpa ng'ombe, mbuzi wala nguruwe dawa ya minyoo, na mtoto asichezee.

Kama unapenda kizibo chako, sawa, lakini kipime kwanza. Chukua kizibo kipya ambacho hakijagusa dawa, mwagia maji kwa bomba la sindano hadi kijae, soma umetumia mililita ngapi, andika namba hiyo ukutani ghalani. Kuanzia hapo kizibo chako kina jina.

Dawa za unga, kama zile za shaba tunazopulizia kahawa kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani, hizo ni za mizani, siyo za bomba la sindano. Usipime unga kwa mililita, gramu na mililita zinalingana kwa maji, siyo kwa unga.

Kuhusu kugawana dawa

Najua hali za vijijini, siwezi kusema msishirikiane. Lakini badala ya kugawana dawa, gawaneni siku. Chupa ibaki moja, na lebo yake, kwa mtu mmoja mwenye kufuli. Leo tunapima kwa bomba lako, kesho langu. Dawa kwenye chupa ya soda au ya maji ni kaburi la mtoto. Chupa ya soda haina rangi ya tahadhari, haina maelekezo, na daktari akiulizwa "amekunywa nini?" hakuna wa kujibu.

Rangi ile ya chini ya lebo uijue. Nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, halafu bluu, halafu kijani. Kijani haimaanishi ni juisi. Na hakikisha dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Ninyi wa ziwani

Kwenu kuna mawili. La kwanza, msisuuze vipimo wala mabomba mtoni au ufukweni. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya pairethroidi ni kali mno kwa samaki hata zikiwa kidogo. Unachosuuza kwenye kijito cha Lundo kinashuka ziwani, kwenye usipa na mbasa tunaokula wote.

La pili, kitoneshi cha chanjo ya mdondo wa kuku. Chanjo ya I-2 inawekwa tone moja kwenye jicho moja. Kishike kitoneshi wima, siyo kimeinama. Kikiinama matone yanabadilika ukubwa, chanjo inaisha kabla kuku hawajaisha. Subiri tone lisambae jichoni ndipo umwachie. Hiki kitoneshi nacho ni pipeti. Kisiguse dawa ya wadudu maisha yake yote, maana chanjo ni kitu hai, utaiua. Na isikae juani.

Ikitokea ajali

- Akimeza: asukutue mdomo ateme. Usimtapishe, dawa nyingi zina mafuta, zikirudi zinaingia mapafuni. Maziwa hayatangui sumu, yanapoteza muda.
- Ikimwagika mwilini: vua nguo zote zilizolowa, osha kwa sabuni na maji mengi. Aibu baadaye.
- Ikiingia jichoni: osha kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 zisipungue.
- Jasho jingi, mate, kutapika, macho kuona ukungu, kubanwa kifua, misuli kucheza: usisubiri kesho. Zahanati iliyo karibu, au hospitali, iwe Mbinga mjini, Litembo au Liuli.
- Nenda na chupa yenye lebo. Hii naisema mara tatu: chupa, chupa, chupa. Matibabu ya sumu moja siyo ya nyingine, na daktari anasoma pale.

Yule kijana tulipofika, swali la kwanza la daktari lilikuwa "dawa gani?" Nilitoa chupa kwenye begi, akasoma, akaanza kazi. Hakupoteza hata dakika.

Siku hizi nikipita kwao ananisalimia kwa kunionyesha bomba lake la sindano, limetundikwa kwenye msumari ghalani, limeandikwa SUMU kwa herufi kubwa. Mama yake anasema hakuna anayeruhusiwa kuligusa, hata yeye. Nikifika kwako nitauliza la kwako liko wapi. Kama huna, nenda dukani kabla ya kufungua chupa inayofuata. Na kama hesabu ya lebo inakusumbua, njoo nayo kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata yako, tupige pamoja. Hatulipishi.

Kazi njema, na mdomo uwe wa ugali tu.